Kutambua Mahali Duniani: Latitudo, Longitudo na Mahali kwa Kulinganisha katika Kazi ya Afya

Utangulizi

Baada ya jina na umri, swali ambalo mhudumu wa afya humwuliza kila mgonjwa ni hili: "Unaishi wapi?" Swali hili huonekana jepesi, na jibu lake mara nyingi huandikwa kwa haraka kuliko majibu mengine yote yaliyomo katika daftari. Hata hivyo, jibu hilo ndilo litakalotegemewa siku ambayo mgonjwa wa kifua kikuu ameacha kufika kuchukua dawa, siku ambayo gari la wagonjwa linahitajika usiku wa manane, au siku ambayo wagonjwa watano wa kuhara wanafika kituoni ndani ya saa chache na inapasa ijulikane kama wote wanateka maji katika kisima kimoja. Siku hiyo, jibu lililoandikwa "Majengo" halitasaidia sana. Dodoma kuna Majengo, Moshi kuna Majengo, Mombasa kuna Majengo na Nairobi kuna Majengo. Vivyo hivyo, Kariakoo ipo Dar es Salaam na ipo Unguja.

Makala hii inafundisha njia mbili za kutaja mahali. Ya kwanza ni kutaja mahali kwa namba, yaani kwa latitudo na longitudo. Ya pili ni kutaja mahali kwa kulinganisha na mahali pengine: karibu na nini, upande gani, ng'ambo ya mto upi. Hoja yetu ni kwamba katika kazi ya afya kila njia ina upungufu ambao njia ya pili huuziba. Namba humwezesha mtu asiyeijua nchi kupaona mahali kwenye ramani bila ubishi. Maelezo ya kulinganisha humwonyesha jinsi ya kupafikia, na humfunulia mahali hapo pana uhusiano gani na ugonjwa anaoutafuta.

Latitudo: umbali kutoka Ikweta

Dunia ni mfano wa tufe. Katikati yake, kwa umbali ulio sawa kutoka ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, huchorwa mstari wa kufikirika uitwao Ikweta. Mstari huo huigawa dunia katika vizio viwili, Kizio cha Kaskazini na Kizio cha Kusini. Latitudo ni kipimo cha pembe, kwa nyuzi, kinachoonyesha mahali pako umbali gani kaskazini au kusini mwa Ikweta. Ikweta yenyewe ni nyuzi 0. Kila ncha ni nyuzi 90. Kampala iko kaskazini kidogo mwa Ikweta, latitudo 0.31, Nairobi iko kusini kidogo, 1.29; Dar es Salaam iko nyuzi 6.80 kusini.

Mistari ya latitudo hukimbia sambamba kutoka mashariki kwenda magharibi na haikutani kamwe. Kwa sababu hiyo, nafasi kati ya nyuzi moja na inayofuata hubaki karibu ileile kila mahali: takriban kilomita 111. Namba hii ni vema ikakaririwa, maana itatusaidia baadaye.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walijua kupima latitudo karne nyingi kabla ya ramani za shuleni. Walitumia kifaa kiitwacho kamal, kipande cha ubao chenye uzi uliofungwa mafundo. Baharia aliushika uzi kwa meno, akauweka ukingo wa chini wa ubao kwenye upeo wa bahari, kisha akatazama kama ukingo wa juu unaigusa Nyota ya Kaskazini. Kimo cha nyota hiyo juu ya upeo hukaribia kuwa sawa na latitudo ya mtazamaji. Jahazi lililotoka Maskati kuja pwani yetu liliiona nyota hiyo ikishuka usiku baada ya usiku, hadi ikazama kabisa lilipokaribia Ikweta. Kuanzia hapo mabaharia walitegemea nyota nyingine. Hata majina yetu ya pande yana asili ya safari hizo: kaskazini inahusiana na pepo za kaskazi, na kusini na pepo za kusi.

Kwa mtaalamu wa afya, latitudo ina maana kubwa zaidi ya uchoraji wa ramani. Karibu na Ikweta jua hupanda juu sana mwaka mzima, na ndiyo maana watu wenye ualbino katika nchi zetu huhitaji kinga ya ngozi kila mwezi, pasipo msimu wa kupumzika. Katika latitudo za mbali, kama London iliyoko nyuzi 51.5 kaskazini, jua la majira ya baridi ni hafifu mno kiasi kwamba ngozi hutengeneza vitamini D kidogo sana. Latitudo humwambia tabibu jambo fulani kuhusu mwili wa mtu hata kabla hajamwona.

Longitudo: umbali kutoka Greenwich

Longitudo hupima umbali wa mahali kwenda mashariki au magharibi. Hapa maumbile hayakutupatia mstari wa kuanzia kama Ikweta, hivyo ilibidi watu wakubaliane. Makubaliano hayo yalifikiwa mwaka 1884 katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington, Marekani, ambapo mstari unaopita katika kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, London, ulichaguliwa kuwa longitudo 0. Kutoka hapo huhesabiwa nyuzi 180 kwenda mashariki na 180 kwenda magharibi. Nchi zote za Afrika Mashariki ziko mashariki mwa Greenwich.

Mistari ya longitudo, tofauti na ile ya latitudo, hukutana kwenye ncha za dunia. Ni kama vipande vya chungwa: vipana katikati, vyembamba miishoni. Kwa hiyo nyuzi moja ya longitudo ni takriban kilomita 111 kwenye Ikweta, lakini London ni kilomita 69 hivi tu. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati: katika latitudo ya Dar es Salaam nyuzi moja ya longitudo bado ni zaidi ya kilomita 110, na kwa makisio ya kawaida tunaweza kutumia hesabu moja kwa pande zote mbili.

Longitudo ina udugu na saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kwa dakika 4. Udugu huo ndio uliotatua tatizo la mabaharia wa Ulaya, waliokuwa wakipima latitudo kwa jua na nyota lakini wakipotea upande wa mashariki na magharibi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi kubwa kwa atakayepata njia ya uhakika, na aliyefanikiwa zaidi alikuwa John Harrison, mtoto wa seremala, ambaye saa yake ya baharini ilijaribiwa katika safari ya Jamaica iliyoanza mwaka 1761.

Nasi tunauona udugu huo nyumbani. Dar es Salaam iko longitudo 39.28 mashariki na Kigoma iko 29.63. Tofauti ni nyuzi 9.65, ukizidisha kwa dakika 4 unapata dakika 39 hivi. Saa za ukutani katika miji hii miwili zinalingana, lakini jua la Kigoma hutua zaidi ya nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa kisukari aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga anapaswa kupangiwa dawa na futari kwa machweo ya mahali alipo, kwa kuwa ratiba iliyoandaliwa Dar es Salaam haimfai aliyeko Kigoma.

Kuandika kodineti bila kukosea

Latitudo na longitudo zikiandikwa kwa pamoja huitwa kodineti. Mpangilio uliozoeleka ni latitudo kwanza, longitudo baadaye. Zipo namna mbili kuu za uandishi. Ya kwanza hutumia nyuzi, dakika na sekunde: kila nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Ya pili hutumia desimali, na hapo kusini na magharibi huwekewa alama ya hasi.

Tuchukue mahali katikati ya Dar es Salaam: 6°48′ kusini, 39°17′ mashariki. Ili kupata desimali, gawanya dakika kwa 60. Arobaini na nane gawanya kwa 60 ni 0.80, kumi na saba gawanya kwa 60 ni 0.28. Kodineti ni -6.80, 39.28.

Sasa tazama makosa manne ambayo kila mwenye kuingiza takwimu anapaswa kuyafahamu.

Kosa la kwanza ni kusahau alama ya hasi. Ukiandika 6.80, 39.28, mgonjwa wako wa Dar es Salaam anahamia nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, takriban kilomita 1,500 kutoka nyumbani kwake.

Kosa la pili ni kugeuza mpangilio. Ukiandika 39.28, -6.80, mgonjwa anahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Kosa la tatu ni kuzichukua dakika kana kwamba ni desimali. Ukiandika -6.48, 39.17, unapata mahali palipo baharini, kati ya Tanzania Bara na Unguja. Kosa hili ni la hatari kuliko mengine kwa sababu umbali wa kosa ni mdogo, kilomita 40 hivi. Likitokea katika wilaya ya bara, ambako hakuna bahari ya kumshtua msomaji wa ramani, mgonjwa atawekwa katika kata nyingine na hakuna atakayegundua.

Kosa la nne ni kujaza sifuri pale ambapo taarifa haipo. Latitudo 0 na longitudo 0 si sawa na "haijulikani". Ni mahali halisi, katika maji ya Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika. Taarifa ikikosekana, nafasi iachwe wazi.

Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo ina maana. Tarakimu moja huonyesha mahali kwa ukaribu wa kilomita 11. Mbili, kilomita 1.1, tatu, mita 111, nne, mita 11, tano, mita 1 hivi. Kwa kumpata mgonjwa nyumbani kwake, tarakimu nne hadi tano zinahitajika. Zaidi ya hapo ni mapambo, kwa sababu simu ya kawaida iliyo mahali pa wazi hukosea kwa mita kadhaa.

Wengi hudhani kwamba simu haiwezi kuonyesha kodineti pasipo intaneti. Dhana hiyo si sahihi. Kipokezi cha GPS kilichomo katika simu husikiliza mawimbi ya setilaiti zilizoko zaidi ya kilomita 20,000 angani, na kinahitaji kuzisikia angalau nne ili kikadirie mahali kilipo. Intaneti huhitajika kwa kupakua picha ya ramani na huharakisha kazi, lakini namba zenyewe hupatikana hata kijijini pasipo mtandao, ilimradi simu iwe nje, mbali na mapaa ya bati na kuta, na ipewe dakika chache.

Kutoka nyuzi hadi kilomita

Hesabu ndogo ifuatayo itaonyesha nguvu ya kodineti na mpaka wake. Dodoma iko latitudo 6.17 kusini, longitudo 35.74 mashariki. Mji wa Zanzibar uko latitudo 6.16 kusini, longitudo 39.19 mashariki. Latitudo zinakaribia kulingana kabisa, hivyo mji mmoja uko moja kwa moja magharibi mwa mwingine. Tofauti ya longitudo ni 39.19 kutoa 35.74, yaani nyuzi 3.45. Ukizidisha kwa kilomita 110.7, urefu wa nyuzi moja ya longitudo katika latitudo hiyo, unapata takriban kilomita 382.

Hiyo ni njia ya ndege. Msafiri wa ardhini husafiri takriban kilomita 450 kwa barabara kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kisha hupanda boti kuvuka bahari. Kodineti hazikusema kwamba kuna bahari katikati. Hazikusema pia kwamba mji mmoja uko usawa wa bahari na mwingine uko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Hapa ndipo njia ya pili inapoanza kazi.

Mahali kwa kulinganisha

Kutaja mahali kwa kulinganisha ni kueleza uhusiano: mwelekeo, umbali, alama ya kudumu, njia ya kupita na kizuizi kilichopo. Kiswahili chenyewe kimejaliwa mizani ya kazi hii. Tukisema mgonjwa yupo hapa, tunamaanisha mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Tukisema yuko huku, tunamaanisha eneo pana lisilo na mpaka dhahiri. Tukisema yumo humu, tunamaanisha ndani. Mhudumu aliyeambiwa "yuko Kisarawe" amepata mwanzo wa jibu tu. Aendelee kuuliza mpaka jibu lifikie "yupo".

Maelezo mazuri ya kulinganisha hutimiza masharti machache. Yataje alama isiyohama: shule, zahanati, daraja, msikiti au kanisa, badala ya genge au kibanda ambacho mwakani hakitakuwapo. Yatumie kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, au yaseme mtu anatokea wapi, kwa kuwa "kushoto" ya anayetoka sokoni ni "kulia" ya anayekwenda sokoni. Neno "karibu" lifuatwe na kipimo, iwe mita au dakika za kutembea. Na kizuizi kitajwe: mto usiovukika wakati wa masika unaweza kukigeuza kijiji kilicho umbali wa kilomita 4 kuwa mbali kuliko kilicho umbali wa kilomita 20.

Nchini Tanzania, operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, iliyapa majina barabara na mitaa na kuzipa nyumba namba. Namba ya nyumba ikiwapo iandikwe, pamoja na mkoa, wilaya, kata, mtaa au kijiji, na kitongoji. Anwani hiyo ni daraja kati ya njia zetu mbili: ina uthabiti wa namba na ukaribu wa maelezo.

Kisa cha kwanza: kipindupindu cha London, 1854

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London, na kuua zaidi ya watu 600 kwa wiki chache. Wakati huo tabibu wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow aliamini kwamba huletwa na maji. Alitembea nyumba kwa nyumba, akaandika kila kifo kilitokea wapi, na baadaye akachora ramani ambayo kila kifo kilikuwa mstari mdogo mweusi mbele ya nyumba husika. Mistari ilirundikana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854, ingawa kufikia hapo mlipuko ulikuwa umeanza kupungua.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, lakini somo lake kwa mada yetu hupitiwa juu juu. Rundo la mistari peke yake lingeweza pia kuelezwa na waamini wa hewa chafu, kwani hewa nayo hukaa mahali. Kilichoipa hoja ya Snow nguvu ni nyumba zilizovunja mpangilio. Nyumba ya kulelea maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa uleule walinusurika. Walikunywa bia na walikuwa na maji yao. Kwa upande mwingine, mama mmoja mjane alikufa kwa kipindupindu huko Hampstead, kilomita kadhaa kutoka Soho, mahali pasipo na mlipuko. Snow alipouliza aligundua kwamba mama huyo aliwahi kuishi Soho, aliyapenda maji ya pampu ile, na alikuwa akiletewa chupa yake mara kwa mara.

Kwa kodineti, mama wa Hampstead alikuwa mbali na pampu na maskini wa nyumba ile walikuwa karibu nayo. Kwa uhusiano wa maji, mama yule alikuwa jirani wa pampu na maskini wale walikuwa mbali. Snow aliitambua tofauti hiyo hata katika ramani yake iliyoboreshwa: aliweka mpaka uliofuata umbali wa kutembea kwa miguu hadi pampu iliyo karibu zaidi, kwa kuwa mtu anayebeba ndoo hufuata barabara, wala hapiti juu ya mapaa.

Kisa cha pili: safari ya Burkitt, 1961

Kisa cha pili kilitokea kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya ajabu, na mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Kisha akajiuliza swali la mahali: ugonjwa huu unaonekana wapi, na unakoma wapi? Aliwaandikia madaktari wa hospitali nyingi za Afrika akiwapelekea picha, na kila jibu akalitia alama kwenye ramani. Mkanda ulijitokeza ukiikata Afrika ya kitropiki, pande zote mbili za Ikweta.

Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuufuata ukingo wa kusini wa mkanda huo. Walisafiri takriban maili 10,000 kwa wiki 10 hivi, wakipitia Tanganyika na kufika Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa ulikuwa nadra juu ya mwinuko wa mita 1,500 hivi. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, kikomo hicho kilishuka, mpaka ugonjwa ukabaki katika nyanda za chini peke yake.

Mtu anayetazama mwinuko pekee asingeelewa. Mtu anayetazama latitudo pekee asingeelewa pia. Vikiwekwa pamoja, jambo lilifunguka: mwinuko na latitudo vyote viwili hupunguza joto, na kilichoweka mpaka wa ugonjwa ni joto, pamoja na mvua. Hali hizo ndizo hali za mbu. Ramani ya uvimbe ilifanana na ramani ya malaria kali. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliripoti kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo, na leo inafahamika kwamba kirusi cha Epstein-Barr pamoja na malaria ya mara kwa mara huchangia kuzaliwa kwa limfoma ya Burkitt kwa watoto wa ukanda wetu. Uchunguzi ulioanza kwa swali la "wapi" ulisaidia kulijibu swali la "kwa nini".

Matumizi katika kituo cha afya

Tunapendekeza kwamba kila makazi ya mgonjwa anayehitaji kufuatiliwa yaandikwe kwa mistari mitatu. Mstari wa kwanza ni anwani ya kiutawala, kuanzia mkoa hadi kitongoji na namba ya nyumba. Mstari wa pili ni kodineti kwa desimali, zikiwa na alama ya hasi inapostahili. Mstari wa tatu ni maelezo ya kulinganisha, pamoja na chanzo cha maji cha kaya hiyo. Kisha hakiki: weka kodineti kwenye ramani na uone kama zinaangukia katika kijiji kilichotajwa. Mistari miwili ikipingana, kuna kosa, na ni rahisi kulisahihisha mgonjwa akiwa bado mbele yako.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa. Kodineti zenye tarakimu tano ni sawa na ufunguo wa mlango. Zikiambatana na hali ya maambukizi ya VVU au kifua kikuu, mtu yeyote mwenye simu anaweza kufika nyumbani kwa mgonjwa. Zihifadhiwe kama siri nyingine za matibabu. Ramani inayobandikwa ukutani au kuchapishwa itumie tarakimu mbili au ionyeshe kata nzima, ili ieleze ugonjwa pasipo kumtaja mtu.

Mazoezi

1. Zahanati iko 8°54′ kusini, 33°27′ mashariki. Andika kodineti zake kwa desimali, kisha utaje jiji iliyo karibu nalo.

2. Kampala iko latitudo 0.31 kaskazini na Mwanza 2.52 kusini, longitudo zao zinakaribiana. Kadiria umbali kati yao, kisha ueleze kwa nini safari ya gari ni ndefu kuliko makisio hayo.

3. Daftari linaonyesha mgonjwa wa Mombasa kwenye 4.05, 39.67. Kosa ni lipi?

Majibu: (1) -8.90, 33.45, jiji ni Mbeya. (2) Miji iko katika vizio tofauti, hivyo latitudo hujumlishwa: 0.31 na 2.52 ni nyuzi 2.83, mara 111 ni takriban kilomita 314. Ziwa Viktoria liko katikati, na barabara hulizunguka. (3) Alama ya hasi imeachwa. Mgonjwa amepelekwa eneo la mpaka wa Kenya na Ethiopia. Sahihi ni -4.05, 39.67.

Hitimisho

Latitudo na longitudo ni lugha ambayo dunia nzima imekubaliana, na mtu wa Kigoma na mtu wa London huisoma kwa namna moja. Maelezo ya kulinganisha ni lugha ya wenyeji, inayojua kisima, kivuko na njia ya mkato. Mgonjwa aliyeandikwa kwa lugha zote mbili anaweza kufikiwa na dereva asiyemjua, na ugonjwa wake unaweza kufuatwa hadi kwenye chanzo chake. Kwa hiyo, mhudumu anapouliza "Unaishi wapi?", alichukulie swali hilo kuwa sehemu ya matibabu, na asifunge daftari kabla ya kupata jibu ambalo mtu mwingine, asiyekuwapo siku hiyo, ataweza kulifuata mpaka mlangoni.